Kindu, mji uliozaliwa na mizigo: kuni, mazutu na bei ya chumvi

Kindu haikuwekwa pale ilipo kwa sababu ya dhahabu, wala kwa sababu ya ngome ya mfalme yeyote. Iliwekwa pale kwa sababu mzigo unakwama. Boti inayotoka Ubundu inaupanda Lualaba kwa zaidi ya kilomita 300 bila kizuizi kikubwa, lakini ikishapita Kindu kuelekea kusini inakutana na mawe na maji ya kasi. Hapo mzigo hauna budi kushuka. Watu walioushusha, walioulinda, walioununua na walioubeba tena ndio waliofanya kijiji kiwe mji. Hata jina la kikoloni, Kindu-Port-Empain, lilikuwa jina la bandari na la tajiri wa reli.

Ndiyo maana mtu anayetaka kujua misitu ya Maniema imepatwa na nini hana budi kuuliza kwanza mzigo ulipita njia gani, na njia hiyo ilikula nini. Siku hizi dunia inazungumza sana juu ya usafirishaji safi, yaani kupeleka bidhaa bila kuharibu hewa, maji na misitu kupita kiasi. Kuna makampuni Ulaya yanayohesabu moshi wa kila sanduku. Kwa mama anayeuza chumvi kwa kikombe sokoni Kindu, maneno hayo yanaonekana ya watu wa mbali. Lakini mji wake umekwisha pitia karibu kila namna ya kusafirisha inayojulikana: mgongo wa mtu, boti ya kuni, treni ya kuni, treni ya mazutu, ndege, kinga na pikipiki. Kila moja ilitoza malipo yake, na si kila mara malipo hayo yalionekana kwenye bei.

Kabla ya reli, mzigo mkubwa wa nchi hii ulikuwa pembe za ndovu. Wafanyabiashara kutoka pwani, wakipitia Tabora na Ujiji, walifika Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19, na Tippu Tip ndiye aliyekuja kuwa mkubwa wao. Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871. Alikuta soko kubwa kando ya mto, na mwaka huohuo aliona watu wa soko hilo wakiuawa kwa bunduki. Pembe hazikuwa na gari. Zilibebwa na watu, wengi wao watumwa, hadi Bahari ya Hindi, safari ya miezi mingi. Njia hiyohiyo ndiyo iliyoleta mchele, na ndiyo iliyoleta Kiswahili kinachosemwa Kindu leo. Huo msafara haukutoa moshi wowote. Lakini ulimaliza ndovu eneo baada ya eneo na kuacha vijiji bila vijana. Ni vizuri kulikumbuka jambo hilo kila mara neno "safi" linapotajwa, maana njia isiyo na moshi inaweza kuwa na damu.

Reli ilikuja na Édouard Empain, tajiri Mbelgiji aliyejenga pia metro ya Paris. Mwaka 1902 iliundwa kampuni ya reli za Kongo ya juu na Maziwa Makuu, ambayo wazee wanaikumbuka kwa herufi tatu tu, CFL. Mpango wake ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuutekeleza: pale mto unapopitika, tumia boti, pale usipopitika, tandika reli. Kipande cha kwanza, kilomita 125 kutoka Kisangani hadi Ubundu, kilifunguliwa mwaka 1906. Cha pili, kilomita 355 kutoka Kindu hadi Kongolo, kilikamilika mwishoni mwa mwaka 1910. Cha tatu, kutoka Kabalo, kilifika ziwa Tanganyika mahali panapoitwa leo Kalemie mwaka 1915, Wajerumani wakiwa ng'ambo ya pili, na vita ikiwa imeanza.

Kuna mambo mawili ya mkataba ule ambayo hayasimuliwi mara nyingi. La kwanza ni kwamba kampuni haikuahidiwa faida ya fedha peke yake. Dola la Leopold II liliipa haki juu ya hekta milioni 4 za ardhi, pamoja na misitu na madini yake. Kwa maneno mengine, msitu ulikuwa sehemu ya malipo ya reli tangu siku ya kwanza. La pili ni wafanyakazi. Mwaka 1906 serikali ya Leopold iliruhusu kwa amri kwamba watu wachukuliwe kwa nguvu kwa kazi kubwa za umma, na reli hii ilikuwa miongoni mwa kazi hizo. Tuta linalopita Kibombo kuelekea Kongolo lilichimbwa kwa mikono ya watu ambao wengi wao hawakuomba kazi.

Kisha kuni zikaanza. Boti za mvuke za Lualaba na vichwa vya treni vya CFL havikuwa na makaa ya mawe karibu, na kuyaleta kutoka mbali kulikuwa ghali mno. Vilichoma kuni. Kilo moja ya makaa ya mawe mazuri ina moto karibu sawa na kilo mbili za kuni kavu, kwa hiyo mashine inayochoma kuni inasimama mara kwa mara kujaza. Ndiyo sababu kando ya mto na kando ya reli palitengenezwa vituo vya kuni, ambapo miti ilikatwa, ikapasuliwa, ikapangwa kwa vipimo na kungojea boti au treni. Vijiji vilipewa kazi ya kuvijaza vituo hivyo. Boti ililala kituoni usiku, ikapakia kuni alfajiri, ikaenda mchana, ikapakia tena. Sehemu ya nguvu ya safari ilitumika kubeba chakula cha safari yenyewe.

Anayepita leo kwa mtumbwi kati ya Kindu na Ubundu anaona miti mingi kando ya maji na anaweza kudhani ni msitu wa tangu Adamu. Pengine baadhi ya sehemu hizo ziliwahi kukatwa zikaota tena. Msitu wa Maniema una nguvu ya kurudi ukiachwa kupumzika. Kilichowachosha watu wa wakati ule zaidi ni kwamba vituo vya kuni viliwatoa mashambani wakati wa kulima na wa kuvuna, kila wiki, kwa malipo madogo. Treni ile ilikula msitu, na ilikula siku za watu pia.

Mtandao ulikamilika polepole. Mwaka 1939 reli ya Kindu iliunganishwa na ile ya Kabalo na Kalemie. Mwaka 1955 CFL ilipanua njia yake kutoka mita moja hadi mita 1.067, kipimo cha reli ya Katanga, na mwaka uliofuata Kabalo na Kamina zikawa zimeungana. Hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko linavyosikika. Tangu hapo behewa lililopakiwa Lubumbashi liliweza kufika Kindu, karibu kilomita 1,500, bila mtu kushusha gunia hata moja njiani. Baada ya Vita Kuu ya Pili mazutu pia yalianza kuchukua nafasi ya kuni, na vituo vya kuni vikafa kimoja kimoja. Huko Katanga walikwenda mbele zaidi: mwaka 1952 walianza kuendesha treni kwa umeme wa mabwawa yao, kati ya Likasi na Tenke, na baadaye waya ukafika hadi Kamina. Kilomita 858 za reli ya Kongo zilipata umeme. Haukuvuka Kamina kuja huku.

Huo ndio wakati wazee wa Kindu wanaousifia. Mchele wa Maniema ulipanda treni, pamba ya upande wa Kasongo na Kibombo ilipanda treni, mafuta ya mawese yalipanda treni, na kasiterite ya Kalima ilishuka hadi Kindu kutafuta njia ya kwenda ng'ambo. Sifa hizo zina haki yake, ingawa mara nyingi wanaozitoa husahau kusema kwamba pamba ilikuwa ya lazima na kwamba bei yake haikupangwa na mkulima.

Kuanguka hakukuja siku moja. Mwaka 1974 makampuni ya reli yaliunganishwa kuwa shirika moja la taifa, ambalo leo linaitwa SNCC. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka duniani, na migodi ya Kalima ikadhoofika, na pamoja nayo mzigo uliokuwa ukilipia safari. Reli bila mzigo haina fedha ya kubadilisha mataruma, reli yenye mataruma mabovu inakwenda polepole, na treni ya polepole inafukuza mzigo uliobaki. Halafu vita ikaja. Mwezi wa Oktoba 1998 Kindu ilichukuliwa na waasi wa RCD, na treni haikuja tena kwa miaka karibu sita.

Wanaokumbuka miaka ile wanakumbuka bei. Chumvi, sabuni, sukari, dawa na mafuta yenyewe ya kuendeshea mashine vilishuka kutoka angani. Ndege kuukuu zilitua Kindu na kile kilichokuwa kikija kwa mabehewa sasa kilikuja kwa katoni. Hapo inafaa kusimama kidogo na hesabu, kwa sababu mara nyingi jambo la mazingira na jambo la sufuria vinazungumzwa kana kwamba ni vitu viwili.

Kwa wastani wa kimataifa, treni ya mazutu hutoa takribani gramu 30 za gesi ya kaboni kwa kila tani inayosafirishwa kilomita moja. Lori hutoa mara kadhaa zaidi. Ndege ya mizigo hutoa gramu 600 hivi katika safari ndefu, na zaidi ya hapo katika safari fupi, kwa sababu kupaa ndiko kunakokula mafuta. Sasa chukua tani moja ya chumvi. Ikitoka Lubumbashi kwa treni, kilomita 1,500, inatoa kilo 45 za gesi hiyo. Ikitoka Goma kwa ndege, kilomita karibu 400 tu, hata kwa hesabu ya chini inatoa kilo 240. Robo ya safari, moshi mara tano, na bado haijahesabiwa barabara ndefu ambayo chumvi hiyo ilipita hadi kufika Goma. Hizi ni hesabu za wastani. Kichwa cha treni kilichochoka kwenye reli mbovu kinachoma zaidi. Hata kikichoma mara mbili, ndege haijakifikia.

Moshi huo si kitu kingine ila mafuta yaliyoungua, na mafuta yaliyoungua yamelipiwa na mtu. Kinachochafua hewa zaidi ndicho kinachopandisha bei ya kikombe cha chumvi. Kwa mfanyabiashara wa Kindu, usafirishaji safi na usafirishaji rahisi ni njia ileile, na si kila mahali duniani ambapo mambo yamelingana hivyo.

Ndege ina ubaya mwingine ambao haumo katika gramu. Inachagua mzigo. Kasiterite na dhahabu vina thamani kubwa kwa kila kilo, vinaweza kulipa tiketi ya angani. Mchele hauwezi, wala mihogo, wala mafuta ya mawese yakiwa katika bidoni. Kwa hiyo treni ilipokufa, mchimbaji alibaki na njia ya kuuza na mkulima hakubaki nayo. Vijana waliotoka shambani kwenda kwenye mashimo hawakufukuzwa na ukosefu wa mvua.

Mkulima alibaki na kinga. Toleka, mwanaume anayesukuma kinga iliyofungwa mti kwenye usukani na magunia kila upande, alibeba kilo 100 na zaidi kwenye njia za msituni, kwenda Kalima, kwenda Lubutu, wengine hadi Kisangani. Hapa pia moshi ni sifuri. Mtaalamu wa mazingira akitazama karatasi yake peke yake angempa toleka zawadi. Asiyepewa zawadi ni mgongo wake na magoti yake, na wakati wa vita alilipa pia kwenye kila kizuizi cha wenye silaha. Pikipiki zimechukua sehemu ya kazi hiyo leo. Zinaharakisha, zinachoma esansi, na mzigo wake ni mdogo.

Mwaka 2004 treni ilirudi kutoka Katanga, na watu walitoka kwa wingi kuipokea. Tangu hapo imekuwa ikija na kukatika. Mwaka 2010 Banki ya Dunia ilikubali mradi wa usafirishaji wa dola milioni 255 ambao sehemu yake kubwa ilikuwa ya SNCC, na vichwa vipya vya treni vilinunuliwa China. Vichwa vipya kwenye njia ya zamani si dawa kamili. Mwezi wa Novemba 2017, karibu na Lubudi huko Katanga, treni ya mizigo iliyobeba mafuta ilianguka na kuwaka, na zaidi ya watu 30 walikufa, wengi wao wakiwa wamedandia mabehewa kwa sababu treni ya abiria ilikuwa adimu. Mafuta yaliyomwagika siku ile hayakuwa moshi wa kuhesabu kwa gramu. Reli isiyotunzwa si usafiri safi, hata ikiwa jina lake ni reli.

Kisha ukaja mwaka 2025. Mwishoni mwa Januari Goma iliangukia mikononi mwa M23, na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Katikati ya Februari uwanja wa Kavumu, ule wa Bukavu, ulifuata. Kwa Kindu, ambayo kwa miaka zaidi ya ishirini ilizoea kutazama mashariki na juu angani kutafuta bidhaa, milango miwili ilifungwa ndani ya wiki chache. Wakati huohuo familia zilizokimbia mapigano ya Kivu zilikuwa zinatafuta hifadhi upande wa Maniema. Familia iliyohama bila shamba inanunua kila kitu, hata jani la sombe, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kusikia gharama ya njia. Gunia la unga la msaada nalo linapita njia zilezile na kula mafuta yaleyale; fedha inayoishia kwenye tangi la ndege haiwezi kununua unga.

Hapo ndipo reli na mto vinaacha kuwa habari za wazee. Lakini fedha kubwa za usafirishaji zinazotajwa siku hizi zinaelekea kwingine. Mradi wa Lobito, unaosaidiwa na Marekani na Ulaya, unahusu njia ya kutoka migodi ya Katanga kwenda Angola. Ukanda wa Kijani uliotangazwa na Rais Tshisekedi mwezi wa Januari 2025 unataka kulinda msitu na kupeleka chakula cha Kivu hadi Kinshasa, nao unafuata mto kuanzia Kisangani. Tanzania imeanza kuendesha treni za umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 na inasogeza reli hiyo kuelekea ziwa Tanganyika, ng'ambo ya Kalemie. Ukichukua ramani, Kindu iko katikati ya miradi hiyo mitatu, na hakuna hata mmoja unaoigusa.

Si kwamba njia nzuri haina hatari. Kila njia rahisi inayofunguliwa ndani ya msitu wa Kongo inatoa pia mbao na makala. Barabara ni mbaya zaidi kwa hilo, kwa kuwa lori linasimama popote na shamba jipya linafunguliwa popote. Treni inasimama stesheni, na mtu akitaka kukagua mzigo anajua pa kuukagua. Mto uko katikati. Bandarini Kindu, mafuta machafu ya injini za boti yakimwagwa majini yanashuka hadi kwa wale wanaochota maji na kuvua chini ya mji, na kuyakusanya katika pipa hakuhitaji mkopo wa Banki ya Dunia.

Wafanyabiashara wenyewe wana sehemu yao. Treni inayokuja imejaa na kurudi tupu inagawa moshi wote na gharama yote kwa mzigo wa upande mmoja. Ili irudi imejaa, mchele lazima uwe umekusanywa, umekaushwa na kuwekwa ghala kavu karibu na stesheni kabla treni haijafika, na hilo linahitaji wakulima wakubaliane, na wajue siku ya treni. Siku ya treni ndiyo wasiyoijua. Mkulima wa Kibombo aliyewahi kuacha mchele wake ukioza stesheni akingoja behewa hataupeleka tena pale. Atauuza kwa bei ndogo kwa mwenye pikipiki anayemwona kwa macho.

Na kila mwaka, katikati ya kiangazi, Lualaba unapungua na mchanga unajitokeza kati ya Kindu na Ubundu. Boti zinapunguza mzigo ili zipite, au zinasafiri na mzigo uleule na kuomba Mungu. Ubundu kuna kilomita 125 za reli ya mwaka 1906 kabla ya Kisangani. Kusini kuna kilomita 355 za reli ya mwaka 1910 kabla ya Kongolo. Kati ya vipande hivyo viwili ndipo Kindu ilipo, na ghala la kwanza la mji bado linatazama maji.